Viteuzi vya CSS: kifupi zaidi, chenye nguvu zaidi, kilichosubiriwa zaidi

Dodoma ndiko yaliko makao makuu ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina ndaki nzima ya kompyuta, CIVE. Waandishi wa kurasa za wavuti hapa si haba, na viteuzi ni zana yao ya kila siku.

Chukua orodha ya wilaya saba za mkoa: Bahi, Chamwino, Chemba, Dodoma, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, kila moja ndani ya `li` yake.

Kiteuzi kifupi kuliko vyote ni `*`. Alama moja tu, nacho huchukua kila elementi ukurasani. Uzito wake ni sifuri, hivyo hata `li` tupu hukishinda.

Kinachodanganya zaidi, kwa maoni yangu, ni `li:nth-child(3)`. Leo kinaleta Chemba. Mtu akiongeza jina moja juu ya orodha, kesho kinaleta Chamwino, na hakuna onyo lolote. Ipe `li` ya Chemba sifa `data-wilaya="chemba"`, kisha andika `[data-wilaya="chemba"]` uone: Chemba itapatikana popote itakapohamia.

Chenye nguvu zaidi ni id. Kikanuni, id moja hushinda klasi zote, ziwe ngapi. Hata hivyo baadhi ya vivinjari vya zamani vilihifadhi hesabu ya klasi katika biti 8, zinazoishia 255; klasi ya 256 ikamwagikia upande wa id na kuishinda.

Kilichosubiriwa zaidi ni `:has`, kinachomchagua mzazi kwa kumtazama mtoto. Håkon Wium Lie alipendekeza CSS mwaka 1994, ikawa kiwango rasmi Desemba 1996. `:has` kiliingia Safari Machi 2022, na Firefox Desemba 2023.

Aliyevipeleka viteuzi mbali zaidi kwenye JavaScript ni John Resig, kwa jQuery yake ya 2006. Baadaye vivinjari vyenyewe vikaleta `querySelectorAll`. Internet Explorer 8 ilikuwa nayo 2009. Kwa kazi ya kuchagua tu, leo hiyo inatosha.

Wewe unayejifunza, fungua konsoli, itafute orodha yako kwa `li` pekee, kisha hesabu. Ukipata zaidi ya saba, `li` za menyu zimeingia. Ipe orodha klasi yake, uanzie hapo.