KUNGOJA VYOMBO VYA KUPASULIA: HASARA NA FAIDA



Wengi mnauliza: kwa nini mwenye jipu angoje saa nzima, na mkasi upo mezani? Mkasi huo umetoka kwa mgonjwa mwingine. Kuusuuza hakutoshi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huishi hata siku 7 katika damu iliyokauka.

HASARA. Vyombo huoshwa kwa sabuni, kisha hutiwa katika mashine ya mvuke iliyofungwa barabara, nyuzi 121, dakika 30. Makaa hapa Rumonge si ya bure, na muda wako pia. Kuchemsha kwa sufuria ni rahisi zaidi, lakini mbegu za pepopunda hubaki hai.

FAIDA. Mwaka 1976, hospitali ya Yambuku, Zaire (leo Kongo), ilitoa sindano 5 kila asubuhi kwa wagonjwa wengi, zikasuuzwa tu kwa maji. Ebola ilipita humo. Katika mlipuko huo walikufa watu 280, wakiwemo wafanyakazi 11 kati ya 17 wa hospitali.

Basi:
1. Ngoja zamu yako. Uliza: "Chombo hiki kimepita kwenye mvuke?" Ni haki yako.
2. Kwa tohara, chale na kunyoa, kila mtu awe na wembe wake mpya.

Wembe ni bei ndogo. Homa ya ini huweza kukaa mwilini maisha yote.