Msafiri wa Kiangazi Huuliza Maji Kwanza

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba safari ina msimu wake. Wazee wetu walizijua pepo mbili, kaskazi na kusi, kama walivyozijua sala tano. Kaskazi ikivuma, majahazi yaliteremka kutoka Maskati na Bombay. Kusi ikishika, yakarejea kwao. Nahodha aliyekosa msimu hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake. Lakini bara nako kuna misimu yake, na huko kinachomponza msafiri si upepo bali ni maji.

Nayasema haya kwa sababu ya daftari nililoonyeshwa huko Kivaa, katika Masinga ya Machakos, na kijana mmoja wa kwetu anayesomesha upande huo. Ameweka akiba miaka mitatu ili aende Mali akaione Timbuktu na vitabu vyake vya kale vilivyoandikwa kwa mkono. Nia njema kabisa. Vijana wetu wengi waijua Dubai kuliko waujuavyo Uislamu wa Afrika yao wenyewe.

"Ami, kila kitu tayari," akaniambia. "Nauli ninayo, na Agosti shule zinafungwa."

"Na maji, mwanangu, umeyafikiriaje?"

Akacheka. "Maji si yanauzwa kwa chupa, Ami?"

KIVAA NA MAJI YAKE

Mtu aishiye Kivaa hakupaswa kucheka. Hapo ni mahali pa ajabu kwa habari ya maji. Upande mmoja kuna mto Tana na mabwawa yake makubwa ya umeme: Kamburu lililokamilika 1974, na Masinga lililokamilika 1981. Bwawa la Masinga ndilo la juu kabisa katika safu hiyo, na kazi yake ni kuweka akiba ya maji ya masika ili mitambo ya chini isisimame wakati wa kiangazi. Upande wa pili kuna nchi kavu ya Ukambani, ambako mvua zikikatika vijito hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba mchanga huo wapate maji, kisha wakawapakia punda mitungi. Maji mengi na kiu vyaishi jirani.

Katika nchi hiihii ya Wakamba, kiasi cha miaka mia moja na sabini iliyopita, ilifanyika safari moja ya kiangazi ambayo kila apangaye safari afaa aijue. Wakamba walikuwa wafanyabiashara hodari, wakipeleka pembe za ndovu mpaka pwani na kurudi na nguo na ushanga. Mkubwa wao mmoja, Kivoi wa Kitui, alisifika mpaka Mombasa. Mwaka 1851 Kivoi alifuatana na mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetoka Rabai, wakielekea mto Tana. Walikuwa na watu na silaha, na Kivoi mwenyewe aliijua nchi. Lakini mwishoni mwa Agosti, wakiwa wamekaribia mto, wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, na msafara ukatawanyika kila mtu na njia yake.

Krapf akabaki peke yake porini, hana chakula wala maji. Kiu ikamsukuma mpaka Tana. Alipofika akanywa, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu, akajaza maji katika mkoba wa ngozi wa darubini yake, kisha akajaza hata mitutu ya bunduki, akaiziba midomo kwa majani. Fikiri, msomaji: bunduki aliyoibeba impe ulinzi, ikageuka kuwa chupa. Akatembea usiku na kujificha mchana, akanusurika. Msafara ule ulikuwa na mengi, ila haukuwa umeafikiana na wenyeji wa mbele kuja kuupokea.

MSAFARA WA IBN BATUTA

Sasa tuutazame msafara mwingine, uliopangwa vilivyo. Ibn Batuta wa Tanja twamjua sote, kwani alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akatusifu kwa uchaji wetu, akaandika kwamba watu wa Mombasa ni wa madhehebu ya Shafi na hawaingii msikitini ila wameosha miguu. Miaka ishirini na moja baadaye, mwanzoni mwa 1352, bwana huyu aliondoka Sijilmasa, Moroko, akaelekea Mali kupitia jangwa la Sahara.

Tuangalie alivyojitayarisha. Alinunua ngamia, akawawekea malisho ya miezi minne. Akajiunga na msafara wa wafanyabiashara waliozoea njia. Baada ya siku ishirini na tano wakafika Taghaza, kijiji cha machimbo ya chumvi ambacho nyumba na msikiti wake vilijengwa kwa mawe ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Hapo wakajaza maji, kwani mbele yao palikuwa na siku kumi za jangwa ambako maji ni nadra.

Kisha likafuata jambo lenye mafunzo zaidi. Msafara ulimwajiri mtu wa kabila la Masufa, ambaye kazi yake iliitwa takshifu. Huyu hutangulia peke yake mpaka mji wa Walata akiwa na barua za wasafiri kwa rafiki zao, ili wawakodie nyumba na watoke mwendo wa siku nne kuwapokea kwa maji. Takshifu akiangamia njiani, watu wa Walata hawana habari, na msafara mzima huenda ukafa kwa kiu. Ujira wake ulikuwa mithkali mia za dhahabu. Hawakuona ni ghali. Ukiipima safari ya Kivoi na hii, utaona tofauti si ushujaa wala mali. Tofauti ni mtu aliyetangulia.

Huko Mali, Ibn Batuta aliona miti mikubwa ya kale, ambayo wataalamu wanaitambua kuwa ni mibuyu, mingine ikiwa na uwazi ndani unaohifadhi maji ya mvua wasafiri wakanywa. Katika shina la mmoja alimkuta mfumaji ameweka kitanda chake cha kufumia, anafuma. Aliona pia watu wanavyowahi msikiti siku ya Ijumaa, hata asiyekwenda mapema hakosi kukosa nafasi, na watoto wanavyofungwa minyororo mpaka wahifadhi Kurani. Wenzangu tuliokua chuoni tukiogopa bakora ya mwalimu, hapo twaweza kushukuru.

AGOSTI SI AGOSTI

Turudi kwenye daftari. Kosa lake la kwanza ni mwezi. Agosti ya Kivaa ni kiangazi. Agosti ya Mali na Senegali ni masika. Kule mvua hushika kuanzia Juni hadi Septemba, njia za udongo zikakatika na mbu wakazaana. Kiangazi chao huanza kiasi cha Novemba. Desemba, Januari na Februari kuna ubaridi wa usiku na upepo mkavu wa harmatani uletao vumbi la jangwa. Machi hadi Mei ni joto la kuchoma. Na ajabu ni hii: mto Naija hujaa Timbuktu karibu na Desemba na Januari, mvua zikiwa zimekwisha zamani, kwa kuwa maji huchukua miezi kulivuka bonde lake pana. Kwa bahati njema, mwalimu ana likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Msimu wake umo mkononi mwake.

Kosa la pili ni zito zaidi. Tangu 2012 Mali imekuwa vitani. Mwaka huo wapiganaji waliiteka Timbuktu wakabomoa makaburi ya mawalii. Vitabu vingi vikaokolewa kwa kufichwa na kusafirishwa Bamako. Makaburi yalijengwa upya kufikia 2015, lakini njia za kaskazini na kati hazijapata amani. Leo hakuna takshifu wa kumpeleka mgeni Timbuktu kwa salama, na Kurani yatuamrisha tusijitie wenyewe katika maangamizi.

Nilimshauri aitazame Senegali. Huko ataukuta mji wa Touba na msikiti wake mkuu uliofunguliwa 1963, mji wa Sheikh Amadou Bamba ambaye Wafaransa walimhamishia Gaboni mwaka 1895. Atakuta Wawolofu wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, maandishi waitayo Wolofali, kama wazee wetu walivyoandika tenzi za Kiswahili. Na wanafunzi wa Bamba, kama Musa Ka, wakitunga mashairi ya dini kwa Kiwolofu. Mtu wa Lamu akiona hayo hatajiona mgeni. Dakar nako kuna chuo cha utafiti cha IFAN, chenye hazina ya maandishi kama hayo.

MAANDALIZI

Kwa anayetaka kufuata njia hiyo, haya ndiyo ya kuandika daftarini. Chanjo ya homa ya manjano ichanjwe siku kumi au zaidi kabla ya safari; cheti chake sasa ni cha maisha. Homa ya uti wa mgongo huzuka katika nchi za Saheli wakati huohuo wa kiangazi, na chanjo yake wanaijua waliokwenda Hija. Dawa ya malaria iulizwe kwa daktari, na viza iulizwe ubalozini mapema. Lugha ya ofisi ni Kifaransa, basi jifunze maneno hamsini.

Kumbuka pia kwamba wenzetu kule ni wa madhehebu ya Malik. Wengi husali mikono wameiachia pembeni, na kunuti ya alfajiri huisoma kimya kabla ya kurukuu. Usiwasahihishe. Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na miaka hii imeingia katika kiangazi cha kule, tazama kalenda kabla ya kukata tikiti. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, lakini mwenyeji wako atakuwa amefunga.

La mwisho ndilo la kwanza kwa uzito: tafuta mtu wa huko, imamu, mwalimu au mwanafunzi, umwandikie miezi kabla hujaondoka, ajue siku utakayofika na mlango utakaobisha. Nauli hukufikisha uwanja wa ndege tu. Kutoka hapo mpaka kwenye maji, msafiri hupelekwa na watu.