Kimbilio au Mtego: Utangulizi wa Elimu ya Kukwama Njiani

Elimu ninayokuingiza ndani yake imetawanyika: sehemu yake wanayo wahandisi wa maji, sehemu wanayo wataalamu wa udongo, nyingine madaktari, na sehemu kubwa wanayo madereva na utingo ambao hawajawahi kuulizwa wala kuandikwa. Inamhusu mtu aliyekwama ndani ya gari wakati hali ya hewa imechafuka. Mkoani Singida mtu huyo tunamjua. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, Noah iliyojaa abiria huzama hadi difu vijijini kandokando ya bonde la Wembere, lori hulala njia ya Itigi kwenda Rungwa, na basi husimama usiku mbele ya korongo ambalo asubuhi lilikuwa mchanga mkavu.

Swali la elimu hii ni moja, na kila sura ya kitabu hiki italirudia: gari nililomo sasa ni kimbilio au ni mtego? Wengi wanaokufa baada ya kukwama hufa kwa sababu jibu lao lilikuwa kinyume. Walitoka mahali pa kubaki, au walibaki mahali pa kutoka.

Maandishi mengi kuhusu jambo hili yametoka nchi za theluji, na ni haki tuanze huko, kwa kuwa Watanzania na Wakenya wengi sasa wanaendesha malori na teksi Minnesota, Kanada na Skandinavia. Desemba 2022 dhoruba ya theluji iliufunika mji wa Buffalo, jimbo la New York, na zaidi ya watu 40 walikufa katika eneo hilo, baadhi yao wakiwa ndani ya magari yaliyokwama. Januari ya mwaka huohuo, huko Murree, mji wa milimani nchini Pakistan, familia zilizokuwa zimekwenda kutazama theluji zilinaswa barabarani usiku kucha. Zaidi ya watu 20 walikufa. Kanuni iliyotokana na mikasa ya namna hii ni kubaki ndani ya gari, kwa sababu anayetoka kwenye theluji inayopeperuka hupoteza mwelekeo hatua chache tu kutoka mlangoni, na gari huonekana kwa waokoaji kwa urahisi kuliko mtu. Injini huwashwa kwa dakika kama kumi kila saa ili kupata joto, huku dirisha moja likiwa limefunguliwa kidogo, na kabla ya kuiwasha mtu hutoka kuondoa theluji iliyoziba bomba la moshi.

Hilo la bomba la moshi linatuhusu hata sisi tusio na theluji. Gari lililozama kwenye tope mara nyingi huwa limetanguliza matako, na ekzosi iko chini kabisa. Injini ikiunguruma usiku kucha ili redio iimbe na simu zichajiwe, moshi uliokosa njia hutafuta upenyo wa kuingia ndani. Gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Aliyeivuta huumwa kichwa, husinzia, na wenzake hudhani amelala. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani ya gari ili watoto wapate joto huleta gesi ileile. Nawaomba wazazi walishike hili hata kama hawatasoma ukurasa mwingine wa kitabu hiki.

Tuje kwenye udongo, somo ninalolipenda kuliko yote humu. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936, katikati ya msimu wa mvua, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akitazama ardhi. Tayari alikuwa ameshapendekeza wazo lililoenea dunia nzima kwa jina la katena: kwamba udongo hupangwa kwa mfuatano kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, na mfuatano huo hujirudia kila kilima kinapojirudia. Juu udongo ni mwekundu na hupitisha maji. Katikati ni kichanga cha kijivu. Chini kabisa ni mweusi, ule wa mbuga. Wakulima wa Usukuma, majirani wa Singida, walikuwa na majina ya ngazi hizo bila kumsubiri Milne. Udongo wa mbuga una mfinyanzi unaofyonza maji na kuvimba. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha nyufa hujifunga, uso huteleza, na tairi linalozunguka bila kwenda huchimba kaburi lake lenyewe.

Msafiri anayeielewa katena anasoma barabara kwa rangi. Wingu likiwa zito mbele yake na njia inateremka kutoka wekundu kwenda weusi, mahali pa kusimama ni pale juu, kwenye wekundu, kabla ya kushuka. Akilala pale, asubuhi ataondoka. Akilala bondeni, anaweza kungoja siku kadhaa, na maji yakipanda anaweza kukosa hata hiyo nafasi ya kungoja. Maarifa haya hayahitaji kifaa chochote, na ningefurahi kuyaona yakifundishwa katika kila shule ya udereva ya kanda ya kati.

Aliyenasa kwenye tope la mbuga mbali na mkondo wa maji, gari lake ni kimbilio. Aache kukanyaga mafuta. Achimbe mbele ya matairi kwa beleshi, atandaze matawi au magunia, apunguze upepo kidogo kwenye matairi, ajaribu taratibu mara moja au mbili, kisha akubali kungoja. Akingoja, abaki mkavu: ngozi iliyolowa hupoteza joto haraka. Maji huondoa joto mwilini kwa haraka takribani mara 25 kuliko hewa. Singida iko kwenye uwanda wa juu, upepo wake haukomi, na mtoto aliyelowana usiku anaweza kupata ubaridi wa hatari katika nchi tunayoiita ya joto. Kwa hiyo nguo kavu ni akiba ya lazima sawa na maji ya kunywa. Radi ikipiga, kaeni ndani na madirisha yafungwe: bodi ya chuma hupitisha umeme kwa nje mpaka ardhini. Pikipiki haina ulinzi huo, wala tela lililo wazi.

Sasa maji yaendayo, na hapa jibu linageuka. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini liliingia kwenye mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui nchini Kenya, mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni. Zaidi ya 30 walikufa. Watazamaji wengi hushangaa jinsi chombo kizito vile kilivyoweza kubebwa, lakini hesabu yake ni fupi. Gari dogo la kilo 1,200, lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.6, huanza kuelea maji yakipanda sentimita 19 tu juu ya sakafu yake, iwapo hayajaingia ndani. Basi la tani 10 lenye urefu wa mita 11 na upana wa mita 2.5 linahitaji sentimita kama 36. Na si lazima lielee kabisa: kadiri maji yanavyolinyanyua, ndivyo matairi yanavyopoteza mshiko, na mkondo ukiongeza kasi mara mbili nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Kwa mtu anayetembea, maji ya sentimita 15 yaendayo kasi yanatosha kumwangusha.

Daraja mfuto, lile la zege linalopitisha maji juu yake, hudanganya zaidi. Unaona nguzo za pembeni, unakisia kina, lakini huoni kama zege lenyewe bado lipo. Korongo pia hufurika chini ya anga safi, kwa mvua iliyonyesha mbali huko juu. Jema lake ni kwamba hushuka upesi, mara nyingi ndani ya saa chache. Chomeka kijiti ukingoni maji yanapoishia, ukae mahali pa juu, ukitazame. Kijiti kikimezwa, rudisha gari nyuma zaidi. Kikibaki kwenye udongo mkavu, subiri bado, kisha ukague njia.

Ikiwa gari limeshachukuliwa na maji, muda ni mfupi mno. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amezamisha magari mengi kwa majaribio, anafundisha mfuatano huu: fungua mkanda, fungua dirisha, watoto watangulie, toka. Yote ndani ya dakika ya kwanza, gari likiwa bado linaelea. Usihangaike na mlango. Maji ya nje huubana, na ukifunguka huharakisha kuzama. Usipige simu kwanza. Kioo cha pembeni huvunjika kwa nyundo au ncha ya chuma. Cha mbele hakivunjiki kirahisi.

Kuna kukwama kwa namna nyingine, ambako gari lako ni zima na njia ndiyo imekufa. Machi 2020 barabara ilikatika katika daraja la Kiyegeya, Gairo, kwenye njia inayobeba mabasi ya Dodoma, Singida na Mwanza. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliifunika Katesh, kwenye barabara ya Singida kwenda Babati, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Msafiri wa siku kama hizo anahitaji kujua taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zinavyopanda daraja, kutoka angalizo hadi tahadhari, kisha tahadhari kubwa, na kuzisikia kabla hajakata tiketi. Anahitaji namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji akiwa bado ana chaji na mtandao. Na dereva anahitaji idhini ya mwenye basi ya kusema hapana. Ninaliweka hili ndani ya elimu yetu kwa makusudi: dereva anayelipwa kwa safari iliyokamilika huvuka maji ambayo macho yake yamemkataza.

Sura zinazofuata zinaanza na udongo, zinaendelea na maji, kisha mwili wa binadamu, na sheria zinakuja mwisho. Mwanafunzi anayetaka kuanza kazi leo asiningoje: aende stendi ya Singida na daftari, awaulize utingo wa magari ya Itigi na Shelui ni makorongo gani hufurika, baada ya mvua ya wapi, na huchukua saa ngapi kushuka.