Mmoja kwa Watatu: Je, Yafaa Kununua Zamu ya Mbele?

Jumamosi moja alasiri tulikuwa Biharwe, mwendo mfupi kutoka mjini Mbarara kwa barabara iendayo Masaka, tukiwatazama vijana wakijigawa kwa ajili ya kandanda. Baadhi yao walikuwa wenyeji. Wengine walikuja kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali huishi pamoja, na ambako Kiswahili ni mojawapo ya madaraja yao ya kuelewana. Manahodha wawili walisimama katikati ya uwanja, tayari kuchagua wachezaji kwa zamu. Zamu ya kwanza haikuwa ya nahodha mfupi, lakini alimwambia mwenzake: "Niachie nianze mimi, nawe utachagua watatu mfululizo." Mwenzake akakubali. Yule mfupi akamtwaa mshambuliaji ambaye kila mtu alimtamani, huku mwenzake akiwachukua watatu ambao hawakushangiliwa na yeyote.

Ndugu msomaji, mapatano hayo ya dakika moja ndiyo yanayowanyima usingizi wakuu wa kandanda ya Kimarekani kila mwaka. Huko kuna timu 32, nazo hugawana wachezaji wapya watokao vyuoni kwa duru 7. Timu iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza, na bingwa huchagua wa mwisho, ili mnyonge apate kuinuka. Lakini zamu ni mali: yaweza kubadilishwa. Atakaye kusogea mbele hutoa zamu yake pamoja na nyingine za nyuma. Swali ni hili: je, yafaa?

UTEUZI WA MWAKA 2006

Mfano bora wa jambo hili unatugusa sisi wa Uganda. Mwezi Aprili 2006, Pittsburgh Steelers walikuwa mabingwa, hivyo zamu yao ilikuwa ya 32. Walimtaka mdakaji mwenye mbio, Santonio Holmes, nao walihofu kwamba hatawafikia. Wakawaendea New York Giants, wenye zamu ya 25, wakawapa zamu ya 32, ya 96 na ya 129: tatu kwa moja. Steelers wakampata Holmes.

Nao Giants, kwa zamu ile ile ya 32 waliyopewa, wakamchagua kijana aitwaye Mathias Kiwanuka. Jina hilo si geni kwetu. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa askari wa King's African Rifles katika Vita Kuu ya Pili, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, kisha Jaji Mkuu, na akauawa mwaka 1972 wakati wa utawala wa Idi Amin. Mjukuu huyo alizaliwa Marekani, na kazi yake uwanjani ilikuwa kumwandama mtupaji mkuu wa mpira wa upande wa pili.

Nani alipunjika? Kwa hakika, hakuna. Katika fainali ya Februari 2009, Holmes alidaka mpira wa ushindi zikiwa zimesalia sekunde 35, Steelers wakawashinda Arizona Cardinals kwa 27 kwa 23, naye akatangazwa mchezaji bora wa siku hiyo. Kiwanuka aliwatumikia Giants hadi msimu wa 2014, akiwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa Februari 2012. Ule wa Februari 2008 aliutazama akiwa majeruhi, maana alivunjika mguu katikati ya msimu.

Lakini katika uteuzi huo huo wa 2006, Giants nao walishikwa na tamaa ya kupanda. Walitoa zamu ya 56 na ya 87 kwa Baltimore Ravens wakapata ya 44, wakamchagua mdakaji Sinorice Moss. Huyo hakufikia matumaini waliyoyaweka juu yake.

DAFTARI NA MIZANI

Mali bila daftari huisha bila habari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 timu ya Dallas Cowboys ilitunga orodha inayoipa kila zamu thamani: ya kwanza alama 3,000, ya 25 alama 720, ya 32 alama 590, ya 96 alama 116, na ya 129 alama 43. Tukijumlisha, Steelers walitoa alama 749 wapate 720. Kwa Moss, Giants walitoa 495 wapate 460. Mara zote mbili, aliyepanda ndiye aliyelipa zaidi.

Wataalamu Cade Massey na Richard Thaler, ambaye mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi, walichunguza biashara hii kwa miaka mingi. Waliona kwamba timu kwa kawaida hulipa kupita kiasi kwa zamu za mbele, kwa sababu wakuu wake hujiamini mno kwamba wanajua ni nani atakayeng'ara. Ukiwalinganisha wachezaji wawili wa nafasi moja waliochaguliwa wakifuatana, uwezekano wa yule wa kwanza kumpita wa pili hauzidi sana ule wa kurusha sarafu.

Kwa nini basi Steelers walifaulu? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu nyumba yao ilikuwa imekwisha kujengwa. Walikuwa mabingwa waliopungukiwa na tofali moja, nao walijua ni lipi. Mwenye nyumba isiyo na kuta hauzi matofali yake matatu anunue kioo cha dirisha. Sisi tuliopita chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba kikosi hutembea kwa mwendo wa askari wake wa nyuma kabisa. Hodari mmoja aliye mbele hawezi kuibeba mizigo ya wote.

Tena kuna jambo lisiloandikwa katika orodha. Unayemnunua unamwona kwa macho. Unaowatoa hawana majina bado. Siku Steelers walipoitoa zamu ya 32, ilikuwa namba tu. Muda mfupi baadaye namba hiyo ikawa mtu, ikawa Kiwanuka.

Turudi Biharwe. Mshambuliaji alifunga mabao mawili mazuri sana, lakini upande wake ukafungwa matatu, kwani nyuma hapakuwa na wa kuzuia. Bao la ushindi lilifungwa na mmoja wa wale watatu, kijana mwembamba wa Nakivale ambaye hakuna aliyekuwa akimjua.

Mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa akitazama kando yetu huku ameegemea fimbo yake, alitabasamu. "Afande," alituambia, "anayetoa mitamba mitatu apate fahali mmoja si mjinga, ikiwa zizi lake limejaa. Lakini kwanza na ahesabu zizi."