Utamu wa Mashine Zenye Kasoro

Mwaka 1978 kijana wa Kiingereza aitwaye Gary Numan aliingia studio moja ya Cambridge na bendi yake, Tubeway Army, kurekodi albamu ya magitaa. Humo akakuta Minimoog, sinthesaiza iliyoachwa na wateja waliotangulia. Akabonyeza kibonye kimoja, na besi iliyotoka ilikuwa nzito kuliko chochote alichowahi kukipata kwenye gitaa. Tangu siku hiyo nyimbo zake zilianza kuhamia kwenye kinanda. Katikati ya 1979 wimbo wake “Are ‘Friends’ Electric?” ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki nne. Miaka iliyofuata chati zilijaa vijana wa sinthesaiza: The Human League wa Sheffield, Depeche Mode wa Basildon, New Order wa Manchester. Wengi wao hawakuwa wamesomea muziki.

Si wote walioufurahia muziki huu wa sinthipopu na ndugu yake, wimbi jipya. Wakosoaji waliuita baridi, usio na roho. Wapo wapiga ala wa Uingereza waliotaka sinthesaiza zizuiwe, wakihofia kunyang’anywa kazi. Zaidi ya miaka 40 baadaye, muziki huo bado unapigwa redioni, kwenye filamu na kwenye simu za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa. Sehemu kubwa ya siri yake, ukiitazama kisayansi, imo katika jambo ambalo wakosoaji hawakulisikia: mashine zile hazikuwa timamu.

Tuanze na sauti yenyewe. Ndani ya sinthesaiza ya analojia mna saketi inayotikisa umeme mara mamia kwa sekunde. Wimbi linalopendwa zaidi lina umbo la meno ya msumeno. Ndani yake, juu ya sauti ya msingi, zimepangwa sauti nyingine zenye masafa mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea, kila moja dhaifu kuliko iliyo chini yake. Kisha kuna kichujio kinachozikata zile za juu. Ukikifungua taratibu, sauti hung’aa hatua kwa hatua, kama mtu anayetoka kwenye “u” kwenda kwenye “a” bila kukata pumzi.

Sasa washa saketi ya pili. Ya kwanza itikisike mara 220 kwa sekunde, ya pili mara 221. Kwa kuwa zimepishana kidogo, mawimbi yao huungana na kuongezeka nguvu, kisha hupingana na kufifia, mara moja kila sekunde. Sikio halisikii noti mbili. Linasikia moja, nene, inayopumua. Saketi za zamani zilikuwa zikipishana hivyo hata bila kuambiwa, kwa sababu joto la chumba lilitosha kuzipotosha. Jukwaani hilo lilikuwa kero, maana chombo kilichokuwa sawa mchana kiliweza kuharibika usiku taa zikiwaka. Leo programu nyingi za kompyuta zinazoiga vinanda hivyo zina sehemu maalumu ya kurudisha upotofu uleule.

Mfano mzuri zaidi ni Roland TR-808, mashine ya ngoma iliyotoka Japani mwaka 1980. Yellow Magic Orchestra, kundi la sinthipopu la Tokyo, lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, alinunua kwa makusudi transista zilizokataliwa kwa ubovu, kwa kuwa kelele zake ndizo zilizotoa mchakacho aliokuwa akiutafuta. Watengenezaji wa transista walipoboresha kazi yao, mbovu zikaadimika, na uzalishaji ukakoma baada ya mashine zipatazo 12,000. Ngoma yake ya chini haikufa. Hata kwenye studio za Bongo Fleva, prodyuza akitaja “808” anajulikana anataka besi gani.

Kasoro nyingine ilitoka kwa binadamu. New Order walipokuwa wakitengeneza “Blue Monday”, uliotoka Machi 1983, Gillian Gilbert alipewa kazi ya kuiingiza melodia kwenye mashine noti kwa noti, akifuata karatasi ndefu alizoziandika mwenyewe. Noti moja ikaruka. Matokeo yake melodia na ngoma haziangukii pamoja. Moja inamvuta mwenzake. Bendi ikauacha hivyohivyo, nao ukawa wimbo uliouza kuliko wote katika santuri za inchi 12.

Kwa nini mvutano wa namna hiyo unapendeza? Ubongo unaposikia mdundo hukisia pigo lijalo. Utafiti wa Maria Witek na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, uliwasikilizisha watu midundo ya ngoma yenye viwango mbalimbali vya mapigo yanayokwepa mahali pake pa kawaida. Hamu ya kucheza ilikuwa kubwa zaidi kwenye kiwango cha kati. Mdundo ulionyooka mno hauachi la kukisia, na uliovurugika mno haukisiki. Sinthipopu imekaa hapo katikati: ngoma ya mashine inakupa uhakika, na melodia, sauti ya mwimbaji na saketi zilizopotoka zinauchezea uhakika huo.

Hata hivyo, sauti peke yake haielezi kila kitu. Kumbukumbu za ujana hukaa kuliko za umri mwingine, kwa hiyo waliobalehe mwaka 1983 hawahitaji maelezo. Swali ni watoto wao. Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na Justin Zupnick waliwapigia wanafunzi wa umri wa takriban miaka 20 vibao vilivyotamba Marekani kuanzia 1955 hadi 2009. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba pamoja na nyimbo za zama zao, wanafunzi walizifahamu na kuguswa kwa namna ya pekee na nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazazi wao walipokuwa vijana. Walizirithi sebuleni na garini.

Urithi huo ndio ambao vipindi vya runinga na wanamuziki wapya waliukuta tayari. Mwaka 2022 “Running Up That Hill” wa Kate Bush, wa mwaka 1985, ulifika kileleni Uingereza baada ya kusikika katika tamthilia ya Stranger Things. Kabla yake, “Blinding Lights” wa The Weeknd, uliojengwa kwa sauti za sinthesaiza za enzi zile, ulikuwa wimbo nambari moja katika orodha ya Billboard ya Marekani ya mwaka 2020. Mtunzi wa leo ana kompyuta inayoweza kuweka kila noti mahali pake bila kukosea hata kidogo. Anapotaka wimbo udumu, mara nyingi anatafuta namna ya kuikosesha.