Je, Wajua? Mchungaji Mwenye Mabawa

Je, wajua kwamba yangeyange, yule ndege mweupe anayeandamana na ng'ombe kwenye mbuga za Urambo, ana cheo cha mchungaji? Kwa Kiingereza ni cattle egret, yaani yangeyange wa ng'ombe. Ila jina zuri zaidi, kwangu mimi, ni lile la kisayansi alilojulikana nalo kwa muda mrefu: Bubulcus, Kilatini cha "mchunga ng'ombe".

Mchungaji gani huyu, lakini! Hachungi chochote ila tumbo lake. Mtazame karibu na kwato: ng'ombe anakanyaga, panzi anaruka, shingo inayumbayumba kidogo, kisha dwa! Panzi hayupo. Wengi husema anafuata kupe. Kupe huwala, lakini wachache tu. Riziki yake hasa ni panzi, nzi na vyura. Pasipo ng'ombe, hufuata hata trekta linalolima.

Naye ni msafiri kuliko misafara ya kale ya biashara ya Tabora na Ujiji: kufikia mwisho wa karne ya 19 alishaonekana Amerika Kusini, na mwaka 1953 alikuwa akizaliana Florida, Marekani.