Taya Likataapo Kufunga

Msomaji, weka kidole mbele ya sikio lako, kisha ufumbue kinywa polepole. Kwanza mfupa wa taya huzunguka mahali pake mithili ya bawaba ya mlango. Kinywa kikizidi kupanuka, huteleza mbele hata chini ya kituta kidogo cha mfupa. Lakini mtu akipiga mwayo mkubwa mno, mfupa waweza kukivuka kituta. Hapo misuli yenye nguvu ya kutafunia hukakamaa na kulizuia taya lisirudi, naye hubaki kinywa wazi, mate yakimtoka. Jirani asidhani amerogwa, wala asimpige kofi! Daktari hufunika vidole gumba kwa kitambaa, huviweka juu ya magego ya chini, hukandamiza chini, kisha husukuma nyuma. Apelekwe upesi, maana kukawia huzidi kuikaza misuli.